Sura ya 7: Baharia, Penseli na Bwana Albert

Nikitaja wachoraji wa vita mbele ya watu hapa Bujumbura, iwe barazani Buyenzi au katika ukumbi wenye viyoyozi katikati ya mji, maswali huja yale yale. Alikuwa akichora huku risasi zinampita? Kwa nini asibebe kamera? La mwisho husemwa kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye siri: hao si walilipwa na serikali ili wadanganye? Sura hii ilipangwa iyajibu hayo matatu kwa zamu, kisha ifungwe. Tutaona.

Tuanzie ziwani kwetu, maana huko ndiko uvumi umestawi. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Kongo, na tangu siku hiyo Tanganyika likawa ziwa la Wajerumani. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town, wakazikokota kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma. Usumbura, yaani mji huu, ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa Wabelgiji.

Vita hivyo vyote havikuwa na mchoraji rasmi hata mmoja. Pengo likajazwa na filamu, The African Queen ya mwaka 1951, iliyotokana na riwaya na kupigwa Kongo, Uganda na katika studio za Uingereza. Hadi leo wapo wasomi wazima wanaonieleza vita vya ziwa letu kwa kufuata filamu hiyo, wakimweka mle ndani hata mlevi mwenye boti ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Pengo jingine limejazwa na majini. Götzen iliibuliwa, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mei 2015 ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Basi utasikia kwamba ina jini anayeilinda, au kwamba Wajerumani walificha dhahabu tumboni mwake. Hakuna jini. Kuna grisi. Mafundi wa Kijerumani walioizamisha, akiwemo Anton Rüter aliyekuja nayo vipande vipande kutoka Papenburg, waliipaka mitambo grisi nene kabla ya kuitoboa, kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Mtu anayetafuta dhahabu ya Mjerumani katika karne hii anatafuta njia ya kuuza shamba la baba yake.

Mchoraji angetusaidia nini? Chukua jambo dogo. Ukisimama ufukweni Bujumbura na kutazama magharibi, huoni upeo mtupu wa maji. Unaona milima ya Uvira. Picha yoyote ya ziwa hapa yenye upeo wazi upande huo imechorwa na mtu aliyekaa mezani, isipokuwa kama ni kiangazi, Julai au Agosti, vumbi na moshi wa mashamba vinapoifuta milima kabisa. Mchoro wa aliyekuwepo ungekuambia hata majira, bila yeye kukusudia. Huo ndio ushahidi ninaoujali.

Kwa kuwa ziwa halina mtu wa namna hiyo, nitamchukua mmoja aliyekulia jirani. John Worsley alizaliwa Liverpool mwaka 1919, mtoto wa ofisa wa jeshi la majini, akapelekwa Kenya angali mchanga. Wazazi wake walilima kahawa. Zao hilo lilipowaangusha, kama linavyowaangusha wengi na hata sisi tunalijua, familia ilirudi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kijana akasoma sanaa katika chuo cha Goldsmiths, London. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda kuwa baharia. Kuchora kulikuwa kwake tabia, si cheo.

Usiku wa tarehe 3 Novemba 1940 alikuwa ndani ya HMS Laurentic, meli ya abiria iliyofungwa mizinga, magharibi ya Ireland. Nyambizi ya Kijerumani U-99, ya kamanda Otto Kretschmer, iliipiga kwa torpido. Worsley alinusurika, na yale aliyoyaona aliyachora.

Hapo swali la kamera linajijibu. Filamu za kamera za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi. Usiku wa Atlantiki, wingu limeshuka, meli inainama, hakuna taa: kamera ingetoa kipande cheusi. Jicho huzoea giza kwa dakika chache na kuona umbo la meli dhidi ya anga, mstari wa mashua, migongo ya watu. Mkono huyachukua baadaye, maadamu mtu amejizoeza kukumbuka.

Na kukumbuka huko ni ufundi, wenye hatua zake. Mchoraji wa baharini hana muda wa kumaliza kitu. Anaweka kwanza upeo, maana kila kinachobaki hupimwa kwa huo: ukiuweka juu, mtazamaji yuko juu ya daraja la meli, ukiuweka chini, yuko ndani ya mashua na maji yako usoni mwake. Halafu mkao wa meli juu ya wimbi, kwa mstari mmoja tu. Wimbi lenyewe haliwezi kuchorwa likiwa linapita, kwa hiyo unatazama mawimbi mengi na kuchora lile linalojirudia. Rangi huandikwa pembeni kwa maneno: kijivu cha risasi, kijani chafu, nyeupe iliyochoka. Ukiwa na rangi za maji, usizichanganye kwa maji ya bahari hata ukishawishika. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, karatasi haikauki, na ikikauka huacha chembe zinazomeremeta palipotakiwa kuwa na kivuli. Ziwa letu halina tabu hiyo, lakini lina upepo wa alasiri unaogeuza karatasi kuwa tanga.

Nimesema habari ya risasi kupita. Zilipita, mara chache. Kazi kubwa ya mchoraji wa vita ni kuchora watu wanaongoja: anayelala juu ya kamba, anayemenya viazi, anayesugua mzinga ambao haujalia kwa mwezi mzima. Uingereza iliunda kamati ya wachoraji wa vita mwaka 1939, chini ya Kenneth Clark. Hadi mwisho ilikuwa imekusanya karibu kazi 6,000 za wasanii zaidi ya 400. Zipitie utaona viwanda, wauguzi, mahandaki ya kujikinga na mabomu, watu wenye usingizi. Mapigano yenyewe ni machache. Kamati ilinunua michoro ya Worsley angali ofisa wa kawaida, na mwaka 1943 akawa mchoraji rasmi katika makao ya kamanda mkuu wa Mediterania. Akachora Sisilia na kutua kwa majeshi Italia. Novemba mwaka huo alikamatwa Lussinpiccolo, kaskazini mwa Adriatiki, akapelekwa Ujerumani katika kambi ya maofisa wa majini iliyoitwa Marlag O, karibu na Bremen.

Sasa swali la propaganda lingefuata, lakini siwezi kumpita Bwana Albert.

Wafungwa walipelekwa kuoga nje ya uzio, wakihesabiwa wakitoka na wakihesabiwa wakirudi. Tatizo likawa la hesabu: mtu akibaki bafuni ili atoroke, nani atajaza nafasi yake njiani? Worsley akamtengeneza mtu. Kichwa kilikuwa cha magazeti yaliyolowekwa na kufinyangwa kwa gundi, kikapakwa rangi ya ngozi. Mwili ulikuwa fremu nyepesi iliyovishwa koti na kofia ya jeshi la majini. Macho yalikuwa ya vipira vya mpira wa meza, yakaunganishwa na timazi iliyoyafanya yapepese kadiri mwili unavyotikisika. Vipande vilibebwa na watu kadhaa, vimefichwa katika mizigo ya kuogea, vikaunganishwa huko huko. Wakati wa kurudi, Albert alitembea mstarini kati ya marafiki wawili waliomshika.

Luteni William Mewes alibaki nyuma. Albert akahesabiwa mahali pake kwa siku nne. Mewes alifika hadi Lübeck kabla ya kukamatwa.

Husimuliwa kama kichekesho, na mwaka 1953 ikatoka filamu, Albert R.N., ambayo Worsley mwenyewe aliitengenezea sanamu. Kwangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Mlinzi hatazami sura. Kwa mbali anatazama mteremko wa bega, shingo iliyolegea, namna koti linavyoning'inia juu ya mtu aliyechoka. Hayo hayafundishwi na mtu anayechora mashujaa. Yanajulikana na aliyechora mabaharia wakingoja. Aliyezoea mabango yenye vifua vilivyotuna angetengeneza Albert wa kupiga saluti, na angekamatwa mlangoni.

Hapa hapa niseme neno kuhusu warsha zinazopendwa siku hizi, ambapo mwezeshaji mwenye fulana hugawa rangi na kutangaza kwamba kuchora vita kunaponya vita. Pengine mtu hupata nafuu, simnyimi. Lakini Worsley aliendelea kuchora kambini kwa sababu ilikuwa kazi yake, na kambi ilipohamishwa mwaka 1945 alibeba michoro ndani ya bomba lililoungwa kwa makopo ya maziwa ya unga ya Msalaba Mwekundu. Mtu hafungi dawa namna hiyo. Anafunga ushahidi.

Propaganda, basi, kwa ufupi. Ndiyo, kamati ilikuwa chini ya Wizara ya Habari. Ndiyo, wakaguzi walipitia kazi, wakiwinda hasa kile kitakachomfaa adui. Clark mwenyewe alikiri kwamba alitaka pia kuwaepusha wasanii na kifo. Hakufaulu kwa wote: Eric Ravilious alipotea na ndege karibu na Iceland mwaka 1942, Albert Richards akauawa na bomu la ardhini mwaka 1945, na Thomas Hennell akafia Java mwaka huo huo. Serikali inayotaka uongo tu haihitaji kumpeleka mtu mbali hivyo. Uongo huchorwa ofisini kwa gharama ndogo.

Baada ya vita Worsley alichora katuni za polisi PC 49 katika jarida la watoto la Eagle, akawa rais wa chama cha kifalme cha wachoraji wa bahari katika miaka ya 1980, na akafariki mwaka 2000. Polisi wa London nao walimtumia kuchora sura za washukiwa kwa maelezo ya mashahidi. Katika maisha yake yote, hiyo ndiyo kazi inayokaribia kile ambacho watu barazani hudhani mchoraji wa vita hukifanya: kuchora alichosimuliwa.