Jumapili Ufukoni Mombasa

Sisi wafanyakazi wa mkonge wa Tanga tulialikwa na wenzetu wa Mombasa. Jumamosi tulipita mpaka wa Horohoro, tukavuka Likoni kwa kivuko. Jumapili asubuhi tulikuwa Bamburi, kwenye ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta.

Hatukulipa kiingilio. Familia za wafanyakazi zilijaa tele: watoto wakielea juu ya mipira ya matairi, wazee wakila viazi karai kivulini, ngamia wakipita na abiria wao. Tulioga mpaka tukasahau miiba ya mkonge.

Mchana mazungumzo yalirudi kazini. Sheria ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Lakini mwenyeji wetu mmoja, mpishi wa hoteli, ni kibarua wa msimu mwaka wa sita sasa. Watalii wakipungua hurudishwa nyumbani bila senti. Hiyo ndiyo "likizo" yake.

Ndugu, mapumziko si zawadi ya tajiri. Wewe umebakiza siku ngapi? Muone katibu wa tawi lako kabla mwaka haujakwisha.