Pilau Ikishaepuliwa

Pilau ya Idd huepuliwa mnamo saa sita mchana. Wageni huanza kuingia saa saba na kuendelea kumiminika hadi jioni, na muda wote huo sufuria kubwa iko palepale jikoni, mfuniko juu, kila anayefika anapakuliwa. Magharibi ikiingia, kilichobaki hufunikwa vizuri mende wasifike, na asubuhi ya Idd pili kinapashwa moto kiwe kiporo cha kunywea chai. Pasaka nayo ni vivyo hivyo: kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu watu wako nyumbani siku nne, na kila jiko linapika zaidi ya midomo iliyopo. Saa za katikati, tangu sufuria inapotoka motoni hadi kiporo kinapoliwa, hakuna anayezihesabu. Kwa usalama wa tumbo, hizo ndizo saa zenye uzito kuliko upishi wenyewe.

Wengi tunaamini kwamba chakula kilichoiva barabara hakina kijidudu. Kwa vijidudu vingi imani hiyo ni ya kweli. Bakteria wa kipindupindu, salmonela na jamii zao hufa chakula kinapofika nyuzi joto 70 mpaka katikati, na pilau inayotokota inazidi hapo kwa mbali. Lakini wapo bakteria wenye ujanja mwingine, na mmoja wao ni mkazi wa mchele. Jina lake la kitaalamu ni Bacillus cereus. Anaishi kwenye udongo, hupanda na mpunga kutoka shambani, na mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya gamba gumu liitwalo spora. Akiwa humo hali, hazai, hafi. Mchele uwe wa Kyela, wa Mwea au wa Pakistani, uoshwe maji matatu au saba, spora chache zitabaki. Maji yanayochemka nayo hayaziui. Kinyume chake, joto la kupikia huziamsha.

Sasa sufuria imeepuliwa. Joto linaanza kushuka kutoka nyuzi 100. Likiwa juu ya nyuzi 60, hakuna kinachoota. Likishuka chini ya hapo spora hupasuka na bakteria huanza kugawanyika, wawili wanakuwa wanne, wanne wanane. Bakteria huyu hustawi zaidi kati ya nyuzi 30 na 37, na hapo ndipo ulipo mgogoro wetu sisi wa pwani. Katika nchi za baridi, chakula kilichosahauliwa mezani hushuka taratibu hadi nyuzi 18 au 20, mahali ambapo bakteria huzaana kwa uvivu. Jikoni Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, hewa yenyewe iko nyuzi 30 na ushei. Pilau iliyofunikwa inashuka mpaka kwenye joto analolipenda bakteria huyu, inatulia hapo usiku kucha.

Hata Uingereza yenye baridi yake ilipata somo hili. Mwaka 1971 waligundua huko kwamba watu waliokuwa wakitapika baada ya kula wali wa kukaanga kutoka mikahawa ya Kichina walikuwa wakiumwa kwa sababu ya Bacillus cereus. Mikahawa hiyo ilikuwa ikichemsha wali mwingi kwa mkupuo, ikauacha nje ya friji hadi kesho yake kwa kuwa wali wa kwenye friji hushikana, kisha ikaukaanga kidogo kidogo kila mteja alipoagiza. Wali ulikuwa umeiva na moto wa kukaangia ulikuwa mkali. Kosa lilikuwa ule usiku.

Jambo ambalo ningependa kila mpishi alijue ni hili: bakteria huyo anapozaana ndani ya wali hutoa sumu, na sumu hiyo haiogopi moto. Inastahimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja, wakati jiko lako, la mkaa au la gesi, haliwezi kuufikisha wali wenye maji juu ya nyuzi 100 na kitu. Kwa hiyo kupasha kiporo kutawaua bakteria na kuiacha sumu yao sahanini. Pua nayo haisaidii. Wali uliochacha unanuka kwa sababu ya vijidudu vingine, wale wa kuchachusha. Wali wenye sumu ya kutapisha unaweza kunukia iliki na mdalasini kama kawaida. Mtu anaula, na baada ya nusu saa hadi saa sita anaanza kutapika. Nyumbani watasema amevimbiwa, au mafuta yalizidi.

Nyama iliyomo kwenye pilau ina mgeni wake, Clostridium perfringens, naye pia hujificha kwenye spora. Anapenda joto zaidi, nyuzi 43 hadi 47, na hapendi hewa. Katikati ya sufuria kubwa ya supu au pilau anapata vyote viwili, maana kuchemka kumeshaifukuza hewa. Akiwa kwenye joto hilo anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Ila yeye ana udhaifu: sumu yake huitoa akishafika tumboni mwa mlaji, kwa hiyo kupasha chakula hadi kitokote mpaka katikati kunammaliza kabla hajadhuru. Ndiyo maana mchuzi wa nyama uliochemshwa tena vizuri una usalama ambao wali uliopashwa hauna. Kupasha kijuujuu, chini kunaungua na katikati ni vuguvugu, hakumdhuru hata kidogo. Anayeugua kwa sababu yake huumwa tumbo na kuharisha baada ya saa nane hadi kumi na mbili, yaani usiku wa manane, huku akilaumu chakula cha mwisho alichokula.

Basi hoja yote inarudi kwenye umbo la sufuria. Chakula hupoa kupitia kingo zake, na joto la katikati lazima lisafiri kupitia wali wote kabla ya kutoka. Muda wa safari hiyo hauendi sawasawa na unene. Unakwenda na mraba wake. Ukipunguza kina cha wali kwa nusu, unapoa karibu mara nne haraka. Sufuria ya kilo tano za mchele, iliyojaa na kufunikwa, ni kama mtu aliyejifunika mablanketi matatu. Wali huohuo ukitandazwa kwenye masinia, kina kisichozidi sentimita 5, mvuke unatoka wote na ndani ya muda mfupi unashikika kwa mkono. Hiyo ndiyo tiba, na haihitaji kifaa cha kununua.

Na hapa wazee wetu wana haki ya kusifiwa. Kawa la ukindu, ambalo siku hizi linatundikwa ukutani kama pambo, ni kifuniko bora kuliko mfuniko wa bati. Nzi hawapiti, mvuke unapita. Mfuniko wa bati unaurudisha mvuke kama matone juu ya wali, na unyevu huo ndio bakteria wanautaka. Hata ile desturi ya kupelekeana sahani nyumba kwa nyumba, mtoto anatumwa na sinia lililofunikwa kitambaa kabla ya adhuhuri, ilikuwa njia safi kabisa ya kuivunja sufuria kubwa kuwa sehemu ndogo zikiwa bado za moto. Chakula kililiwa siku ileile, na kikabaki kidogo tu cha kulinda.

Hotpoti imechukua nafasi ya vyote hivyo mezani, na inatumiwa vibaya. Ni chombo kizuri kwa saa mbili tatu, endapo chakula kimeingia kikiwa kinafuka na chombo kimesuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Lakini chapati na wali vilivyotiwa humo saa sita mchana, kikifunguliwa na kufungwa kwa kila mgeni, saa kumi na moja vinakuwa vuguvugu. Hotpoti haipashi chakula. Inachelewesha tu kupoa, na kuchelewesha kupoa ndiko tunakokukimbia. Kipimo changu ni rahisi: ukifungua usione mvuke, chakula hicho kiliwe sasa hivi au kihamishwe.

Wenye friji wana kosa lao. Wanangoja chakula kipoe kabisa ndipo wakiweke, kwa kuhofia kuharibu friji, na kupoa kabisa huko kunakuwa ni saa tisa za usiku. Ukishautandaza wali na mvuke ukakatika, uweke kwenye vyombo vidogo vifupi uingize, ndani ya saa mbili tangu kuepua. Jikoni kukiwa na joto kali, iwe saa moja. Supu na mchuzi havitandaziki, kwa hiyo sufuria yake iwekwe ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, ubadilishe maji yakipata moto. Usiingize sufuria nzima ya moto, kwani inapandisha joto la maziwa na samaki waliokuwa humo kabla. Wali ulale usiku mmoja tu, nyama siku tatu, na kila kinachotolewa kipashwe mara moja. Kilichobaki hapo hakirudi. Wali wa nazi haungoji hata hesabu hiyo, kila aliyekulia pwani anajua unavyowahi kuchacha. Umeme ukikatika, na siku za sikukuu hukatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa nne, na friza iliyojaa hadi saa 48. Kila anayefungua "kuangalia tu" anapunguza saa hizo.

Asiye na friji hajakosa njia. Apike kwa kiasi cha kuisha jioni, na kinachongoja wageni kikae juu ya makaa, kimepaliwa moto juu ya mfuniko kama ukoko unavyotafutwa, kibaki cha moto wa kuunguza. Hapo juu ya nyuzi 60 hakioti kitu.

Idd el-Hajj ina jambo lake la ziada, nalo ni nyama. Mnyama akichinjwa baada ya sala, nyama inagawiwa ikiwa bado na joto la mwili, nyuzi 38 na zaidi, imefungashwa kilo kadhaa pamoja. Wengi huitupa friza vilevile kwenye fungu moja. Inaharibika mara mbili. Nje inaganda, katikati inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na ndipo unapokutana na ile harufu ukiiyeyusha. Pili, nyama inakuwa ngumu kupita kiasi. Baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, kisha hulegea yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ukiigandisha kabla haijamaliza safari hiyo, nguvu iliyobaki ndani ya misuli hungoja. Siku unapoiyeyusha inajikunja, maji yanatoka, na saa nzima ya kuchemsha haiilainishi. Kwa hiyo ya kula leo ipikwe mapema ingali laini, supu ya asubuhi ile haina mpinzani. Ya kuhifadhi itandazwe kwenye masinia ndani ya friji hadi kesho yake, ndipo ikatwe vipande vya kutosha mlo mmoja mmoja na kugandishwa.

Kachumbari nayo naitaja kwa haraka kwa sababu kosa lake ni moja. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi vinakatia nyanya, na nyanya haipikwi. Ndimu na chumvi havitoshi kusafisha uchafu huo. Katia kachumbari kwanza, nyama baadaye, au osha ubao kwa sabuni na maji ya moto katikati yake. Aliye na kidonda au jipu mkononi apewe kazi nyingine kabisa, kwa kuwa bakteria wa vidonda wanatoa sumu ambayo nayo haiuawi kwa kupasha.

Ikitokea mtu ameugua, wengi hupona ndani ya siku moja kwa kunywa maji ya kutosha. Chumvichumvi za ORS ni bora. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee wasisubiriwe. Na yeyote anayeharisha damu, asiyeweza kubakiza hata maji, au aliyekauka midomo na kukosa mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, sikukuu au si sikukuu.

Nawaomba jambo moja kwa Idd na Pasaka zijazo. Katika nyumba zetu kuna anayenunua, anayechambua mchele, anayekaanga vitunguu, anayepakua. Mpeni mtu mmoja, kwa jina, kazi ya kilichobaki: aangalie saa sufuria inapoepuliwa, awe na masinia mawili tayari yamekauka, na ikifika saa nane mchana awe na ruhusa ya kuugawa wali huo hata kama shangazi hajafika. Shangazi atapikiwa mwingine.