Kichujio cha ziada cha oili

Kichujio cha ziada cha oili ni kifaa kinachofungwa kwenye injini, hasa injini ya dizeli ya lori, basi au jenereta, ili kusafisha oili kuliko kinavyoweza kichujio cha kawaida (mafundi wengi huita filta). Hakichukui nafasi ya kichujio cha kawaida. Hufanya kazi kando yake, kikipitisha sehemu ndogo tu ya oili inayosukumwa na pampu, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, kisha oili hiyo hurudi kwenye sampu.

Kwamba kifaa hiki husafisha oili hakuna ubishi. Kinachobishaniwa na mafundi na wenye malori ni kama usafi huo unarudisha gharama yake.

Namna kinavyofanya kazi

Kichujio kikuu hupitisha oili yote inayoelekea kwenye beringi za krenki, turbo na sehemu nyingine. Kwa sababu hiyo ni lazima kiipitishe haraka, hata asubuhi injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito. Karatasi yake basi haiwezi kuwa na matundu madogo sana. Kwa kawaida hukamata vizuri chembe zenye ukubwa wa mikromita 20 hadi 40 na kuziacha nyingi zilizo ndogo zaidi (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70). Kikiziba, valvu hufunguka na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa. Hilo limekusudiwa na watengenezaji, kwani oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa.

Tatizo ni kwamba utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma ndani ya beringi una unene wa mikromita chache tu. Chembe kubwa kuliko nafasi hiyo haiingii kwa urahisi, na iliyo ndogo sana hupita bila kugusa pande zote mbili. Inayokwangua ni ile inayolingana na unene wa utando, na hiyo ndiyo ambayo kichujio kikuu huikosa mara nyingi.

Kichujio cha ziada hakibanwi na haraka. Oili hupita polepole katika karatasi iliyoshindiliwa, pamba au nyuzi nyingine, na chembe za mikromita 2 hadi 5 huweza kunaswa. Mlango wa kuingilia huwa na tundu dogo, kama milimita 1 hadi 2, ili shinikizo la oili ya injini lisishuke. Ingawa mtiririko ni mdogo, oili yote ya sampu huweza kupita humo mara kadhaa kwa saa.

Kuna aina nyingine isiyotumia karatasi. Oili huingia katika kikombe na kutoka kwa nguvu kupitia matundu madogo yaliyo chini yake, na msukumo huo hukizungusha kikombe maelfu ya mara kwa dakika. Uchafu, ukiwa mzito kuliko oili, hujibandika ukutani kama tope jeusi gumu. Aina hii haizibi ghafla, na fundi anayekifungua wakati wa sevisi anaweza kupima unene wa tope hilo: likiwa jingi kupita kawaida, injini ina tatizo, lisipokuwepo kabisa, huenda kikombe hakizunguki.

Historia

Vichujio vya kwanza vya oili vilikuwa vya mtindo huu wa kupitisha sehemu tu ya oili. Mwaka 1923 nchini Marekani, Ernest Sweetland na George Greenhalgh walianzisha kichujio cha magari kilichoitwa Purolator. Vichujio vinavyopitisha oili yote vilienea baadaye, na vile vya zamani vikabaki kwenye injini kubwa au vikauzwa kama nyongeza. Kimojawapo, Frantz, kilijulikana kwa kutumia msokoto wa karatasi ya chooni, jambo lililowachekesha wengi ingawa karatasi iliyoshindiliwa kweli huchuja.

Majaribio

Jaribio linalotajwa mara nyingi zaidi na wauzaji ni la kampuni ya General Motors, lililochapishwa na chama cha wahandisi wa magari SAE mwaka 1988. Injini ya dizeli ya lori ilijaribiwa kwa vichujio vya viwango mbalimbali. Ikilinganishwa na kichujio cha mikromita 40, kile cha mikromita 30 kilipunguza ulikaji wa injini kwa asilimia 50, na kile cha mikromita 15 kwa asilimia 70.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini mara nyingi hunukuliwa bila kueleza kuwa wahandisi walimwaga vumbi la majaribio ndani ya oili kwa makusudi ili ulikaji uonekane haraka. Jaribio linathibitisha kwamba vumbi likishaingia, uchujaji mzuri hulinda injini. Halisemi kwamba injini yenye kichujio kizima cha hewa na inayobadilishiwa oili kwa wakati itadumu mara mbili zaidi.

Jaribio la barabarani lilianza mwaka 2002 katika Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, kwenye mabasi 8 ya dizeli ya kubeba wafanyakazi. Badala ya kumwaga oili kila baada ya kilomita zipatazo 19,000, mafundi walibadilisha vichujio, wakapeleka sampuli ya oili kupimwa, na kumwaga pale tu vipimo vilipodai. Kwa njia hiyo waliepuka sehemu kubwa ya mabadiliko ya oili.

Yasiyowezekana kwa kichujio

Oili haichoki kwa sababu ya chembe peke yake. Kemikali zilizoongezwa kiwandani ili kupambana na asidi hupungua siku hadi siku, na hakuna kichujio cha kawaida kinachozirudisha. Dizeli inayovuja kutoka kwenye nozeli mbovu huifanya oili kuwa nyepesi, na kichujio hakiitoi. Maji ya rejeta yakiingia, baadhi ya karatasi hunyonya maji kidogo, lakini gasketi iliyokatika itabaki imekatika.

Masizi nayo ni suala gumu. Chembe moja ya masizi ni ndogo sana, makumi ya nanomita tu, na oili nzuri ya dizeli imetengenezwa ili chembe hizo zisishikane. Kichujio cha karatasi hukamata yale yaliyokwisha kuungana. Kwa hiyo oili huendelea kuwa nyeusi hata baada ya kufunga kifaa hiki, na mwenye gari anayetarajia kuiona ikimeta kwenye kijiti cha kupimia atavunjika moyo bure.

Gharama na faida

Tuseme lori lina oili lita 36, hubadilishwa kila kilomita 20,000, na hutembea kilomita 100,000 kwa mwaka. Hutumia lita 180. Vipimo vikiruhusu kufika kilomita 40,000, matumizi hushuka hadi lita 90. Katika lita 90 zilizookolewa hutolewa bei ya kifaa, vichujio vyake (takriban vitano kwa mwaka), ada ya kupima oili na oili ya kujazia. Lori likifanya kazi mfululizo, hesabu huweza kukubali. Kwa pikapu yenye lita 7 inayotembea kilomita 30,000 kwa mwaka, oili inayookolewa ni kama lita 10 tu, nayo mara nyingi haifidii.

Anayefunga kichujio cha ziada na kuendelea kumwaga oili kwa muda uleule haokoi oili yoyote. Anachonunua ni matumaini ya injini kudumu, nayo ni magumu kupima kwenye gari moja. Anayerefusha muda bila kupima oili yuko hatarini zaidi, kwa kuwa asidi na dizeli iliyochanganyika havionekani kwa macho. Tena kichujio kinapoondoa chembe za chuma, huondoa pia baadhi ya dalili ambazo maabara huzitafuta, hivyo majibu husomwa kwa kulinganishwa na sampuli za nyuma za injini ileile.

Katika barabara za vumbi

Vumbi lingi huingia kwenye injini kwa njia ya hewa. Mpira uliopasuka kati ya kichujio cha hewa na turbo unaweza kuimaliza injini mapema, haijalishi oili inachujwa namna gani. Mazoea ya kugonga kichujio cha hewa chini au kukipuliza kwa kompresa kali hutoboa karatasi yake. Katika machimbo na barabara za vumbi, pesa ya kwanza inafaa iende huko. Silikoni nyingi katika kipimo cha oili ni dalili ya kawaida ya vumbi.

Inafaa pia kukagua kama injini tayari inacho. Malori mengi ya Scania, yakiwemo 113 na 124 yaliyozoeleka Afrika Mashariki, yalitoka kiwandani na kikombe cha kuzunguka, na injini za Volvo D12 na D13 zina kichujio cha ziada kando ya viwili vikuu. Kwenye lori lililotumika, si ajabu kikombe hicho kukutwa kimejaa tope kwa sababu hakuna aliyekifungua. Kukisafisha hakuhitaji kununua kifaa kipya.

Ufungaji

Oili huchukuliwa mahali penye shinikizo, kwa mfano kwenye swichi ya oili, na kurudishwa kwenye sampu au mfuniko wa tapeti. Mpira unaosuguana na chasisi, au usiostahimili joto, ukipasuka safarini hutoa oili yote kwa dakika chache. Hufungwa kwa vibano, mbali na bomba la moshi, na viungo hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza. Kiasi cha oili huongezwa kulingana na kile kinachobaki ndani ya kichujio kipya. Kwa gari lililo bado chini ya dhamana, masharti ya mtengenezaji husomwa kabla ya kurefusha muda wa kumwaga oili.