Vitabu vya kanzidata: Kijana anunue kipi kwanza?

KIJANA anayetaka kazi ya usimamizi wa kanzidata, yaani hazina za kumbukumbu zinazotunzwa ndani ya kompyuta, ni vyema atumie fedha zake za mwanzo kununua kitabu cha lugha na kanuni za kazi hiyo. Vitabu vya toleo moja la programu vinaweza kusubiri, kwani ndivyo vinavyopoteza thamani upesi.

Suala hili linawagusa pia wazazi na wenye maduka wanaowalipia vijana wao masomo. Kitabu cha kompyuta kilichochapishwa nje hununuliwa kwa fedha ambazo mfanyabiashara mdogo angeweza kuzirudisha dukani. Kwa hiyo kinastahili kupimwa kama kitega uchumi kingine chochote: kitazaa nini, na kwa muda gani?

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, hata muuza nyanya amekuwa mteja wa kanzidata bila kujijua. Akituma fedha kwa simu, salio lake hupunguzwa na la mpokeaji huongezwa. Mtambo ukizimika kati ya hatua hizo mbili, ni lazima zote zikamilike au zote zifutwe, la sivyo fedha za mtu zimepotea. Msimamizi wa kanzidata huajiriwa kulinda kumbukumbu za aina hiyo, kuamua nani aruhusiwe kuzigusa, na kuzirudisha zinapoharibika.

Bidhaa isiyoyumba

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1970, wakati E. F. Codd wa kampuni ya IBM nchini Marekani alipochapisha hoja yake kwamba kumbukumbu zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo inaitwa SQL. Mwaka 1986 lugha hiyo ilipewa kiwango rasmi nchini Marekani.

Kwa mnunuzi wa kitabu, historia hiyo ina maana kubwa. Oracle, SQL Server, MySQL na PostgreSQL zote zinatumia SQL, ingawa kila moja ina lafudhi yake. Aliyeielewa vizuri kwenye programu moja hahitaji kuanza upya anapohamia nyingine.

Inayoshuka bei

Hali ni tofauti kwa vitabu vya matoleo. Oracle 9i ilitoka mwaka 2001, ikafuatiwa na 10g mwaka 2003, 11g mwaka 2007 na 12c mwaka 2013. Mtu akikuta kitabu cha 9i kwenye meza ya vitabu vya mtumba, sura za kuuliza majedwali bado zitamfaa, lakini zile za kusimika programu ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hatari zaidi ni vitabu vya kuandalia mitihani ya vyeti. Mapema mwaka 2021 Microsoft iliondoa sokoni vyeti vyake vya MCSA na MCSE, vikiwemo vya SQL Server. Aliyenunua vitabu vya mitihani hiyo baada ya hapo alinunua tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Mpangilio wa manunuzi

Kitabu cha kwanza kiwe cha SQL chenye mazoezi. Learning SQL cha Alan Beaulieu, ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2020, kinamfaa anayeanza. Asikisome kitandani, akae na kompyuta na kuandika kila amri kwa mkono wake.

Cha pili kiwe cha kupanga majedwali. Database Design for Mere Mortals cha Michael J. Hernandez hakimlazimishi msomaji kuwa na programu yoyote. Somo lake linaeleweka hata kwa mwenye duka la jumla: namba ya simu ya mteja ikiandikwa upya kwenye kila stakabadhi, siku atakapoibadilisha, stakabadhi zitapingana. Iandikwe mahali pamoja tu.

Cha tatu kiwe cha kazi yenyewe ya usimamizi. Database Administration cha Craig Mullins, kilichotoka mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2012, kinaeleza ulinzi, kasi na utunzaji wa nakala bila kujifunga kwa kampuni moja. Kitabu kikubwa cha C. J. Date, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1975, ni cha heshima kubwa, lakini kinafaa zaidi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kuliko anayeanza.

Mwongozo wa programu usinunuliwe kwa pupa. PostgreSQL inatolewa bure pamoja na maelezo yake yote, na kila mwaka hutoka toleo jipya kubwa. Maelezo hayo ya bure huwa mapya kuliko kitabu chochote cha dukani.

Ambaye anahofu kwamba mitambo ya kukodi itaua kazi hii azingatie jambo moja. Tangu Amazon ilipoanzisha huduma yake ya RDS mwaka 2009, kampuni zinaweza kulipia kanzidata inayojitunzia nakala. Hata hivyo, mitambo hiyo haiwapangii majedwali yao, wala haiwaandikii maswali mazuri.

Hasara ya kutojua

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afungue kurasa za mwanzo aone mwaka na toleo, kisha atafute sura ya kurudisha kumbukumbu. Kitabu kinachofundisha kutunza nakala bila kufundisha kuzirudisha kimefundisha nusu ya kazi.

Januari 31, 2017 fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za kanzidata iliyokuwa kazini. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwapo. Chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha PostgreSQL 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6, na barua za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa sita kabla. Kazi ya wateja ya saa hizo sita haikurudi.

Kwa hiyo, mzazi au mwajiri anayetaka kujua kama fedha zake za vitabu zimezaa asiombe kuonyeshwa cheti. Amwombe kijana atengeneze kanzidata ndogo ya duka, achukue nakala, aifute mbele yake, kisha airudishe.