Sindano na Uzi: Wito wa Mkristo Nyumbani

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwakumbusha wazazi nguo za watoto. Ufundi wa nguo hapa ni wa kale. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, aliwakuta Wafipa wakifuma vitambaa vya pamba yao wenyewe. Baadaye vitambaa vya kutoka ng'ambo viliudhoofisha ufumaji huo. Kilichobaki katika nyumba nyingi ni sindano, uzi, na nguo za mitumba zitiwazo viraka.

Je, kazi hiyo yahusu imani? Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther ayahesabu mavazi na viatu miongoni mwa vipawa vya Mungu Muumba, na tena katika mkate wa kila siku. Basi mzazi ashonaye sweta iliyochanika huwa mkono wa Mungu kwa mtoto wake. Nao wajane wa Yafa, walipomlilia Dorkasi, walimwonyesha Petro nguo alizowashonea (Mdo. 9:39). Nguo hizo ndizo zilizomshuhudia.

Hatari yetu sisi wachungaji ni kulisifu vazi jipya siku ya Kipaimara, hata mwenye kiraka akaona haya kuja ibadani. Tukifanya hivyo, twayakana kwa matendo yale tunayoyafundisha darasani. Yatupasa kuwafundisha washarika kwamba kiraka si aibu. Ni upendo uliotiwa mkono.