Winchi ya Zege si Lifti ya Mama

Swali linakuja kwa maneno yale yale, mtaa tu ndio unaobadilika: "Injinia, wewe umeniambia milioni 60. Nina fundi wangu wa kuchomelea, ananifungia winchi na kikapu cha chuma kwa milioni 8, na inabeba tani nzima. Hizo 52 nyingine ni za nini?" Anayeuliza kwa kawaida ana nia njema. Amejenga ghorofa Goba au Kigamboni, vyumba vyote vya kulala viko juu, na magoti ya mama yake yameanza kukataa ngazi. Nimelijibu swali hili kwenye simu, saiti, hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitampa ukurasa huu asome.

Hizo milioni 52 ndizo lifti yenyewe. Milioni 8 zinanunua chombo cha kunyanyua mzigo, na kunyanyua ni kazi rahisi ambayo mota yoyote inaiweza. Fedha nyingi za lifti zinakwenda kwenye vifaa vinavyomkinga mtu siku ambayo kitu kimoja kimeharibika, na siku hiyo hufika kwa kila mashine.

Tuanze na winchi yenyewe. Nenda maduka ya vifaa Kariakoo, ichukue ile ndogo ya umeme inayopandishia zege, uigeuze usome kibati chake. Mara nyingi kimeandikwa 500/1000. Hiyo kilo 1,000 ni pale waya unapopitishwa kwenye kapi na kurudi juu, mzigo ukabebwa na mikunjo miwili. Waya ukishuka moja kwa moja, kama mafundi wengi wanavyoufunga, uwezo ni kilo 500. Pembeni kuna alama ya muda wa kazi, aghalabu asilimia 20 au 25: katika kila dakika 10 mota ifanye kazi dakika 2 au 2 na nusu, zilizobaki ipoe. Kisha fungua kijitabu kilichomo ndani ya boksi. Utakuta imekatazwa kubebea watu. Aliyeitengeneza ameandika kwamba haifai, na fundi aliyeinunua jana anakuhakikishia kwamba inafaa. Mimi namsadiki aliyeitengeneza.

Fundi akibanwa hapo ana jibu tayari: "Basi nitaweka waya mnene zaidi." Hapa ndipo ilipo imani inayonichosha kuliko zote, kwamba hatari ya lifti ni kamba kukatika, kwa hiyo kamba nene ndiyo usalama. Hoja hiyo ilifungwa mwaka 1854 mjini New York, pale Elisha Otis aliposimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likanasa. Mwaka 1857 kampuni yake ikafunga lifti ya abiria katika duka la Haughwout, mji huohuo. Tangu enzi hizo uhai wa abiria hauachiwi kamba peke yake. Kanuni za Ulaya za EN 81, ambazo lifti nyingi zinazoingia kwetu hutengenezwa kwa kuzifuata, zinataka kamba zisipungue mbili, na zikiwa tatu au zaidi, ziweze kubeba walau mara 12 ya uzito unaowekwa juu yake. Hata hivyo bado hakuna anayeziamini. Kuna kidhibiti mwendo: kasi ya kushuka ikizidi ile iliyopangwa, kuanzia asilimia 15, kinayavuta makucha yaliyofungwa kwenye fremu ya kichumba, nayo yanazibana reli mpaka kichumba kinasimama. Kikapu cha fundi wako hakina makucha wala kidhibiti mwendo. Mara nyingi hata reli hakina. Kinapita kati ya vyuma vya kona vilivyochomelewa kwa kukisia.

Winchi ina kasoro nyingine ambayo unene wa waya hauitibu. Kikapu kikikwama wakati wa kushuka, ngoma haina habari. Inaendelea kuachia waya, nao unalundikana juu ya kikapu. Aliye ndani akitikisika kidogo, kikapu kinaachia na kuanguka urefu wote wa waya uliolegea. Mshtuko wa namna hiyo unaweza kukata waya ambao ungebeba uzito uleule kwa miaka bila tatizo. Wakati wa kupanda, swichi ya juu ikigoma, ngoma inaendelea kuvuta hadi kikapu kigonge boriti na kitu fulani kivunjike. Lifti ya kamba yenye uzito wa kusawazisha haifiki huko: kichumba kikipitiliza juu, uzito wa upande wa pili unakalia bafa chini ya tundu, kamba zinalegea na kuteleza kwenye puli, na kichumba hakivutwi tena.

Lakini tuseme umepata waya usiokatika milele. Mama bado hayuko salama, kwa sababu hatari kubwa ya lifti iko mlangoni. Watu huanguka ndani ya tundu kwa kufungua mlango wakati kichumba kiko ghorofa nyingine, au hubanwa kati ya kichumba kinachopanda na kingo ya sakafu. Niliitwa kukagua kikapu kimoja Mbezi. Upande wa mbele kilikuwa wazi, na ukuta wa lipu ya mchanga ulipita karibu kabisa na uso wa abiria. Kwenye lipu hiyo, chini kidogo ya sakafu ya juu, palikuwa na mikwaruzo ya rangi ya buluu mahali ambapo ndoo ya mfanyakazi ilikuwa inasuguliwa kila siku. Siku ndoo isipokuwepo, mahali pale pangesugua mguu. Nikapanda kwa ngazi, kikapu kikiwa chini, nikalivuta geti la juu. Lilikuwa geti la kawaida la komeo. Likafunguka, na mbele yangu palikuwa na shimo la mita tatu na ushee. Wajukuu wa nyumba ile walikuwa sebuleni, hatua chache kutoka pale.

Mlango wa lifti halisi una kufuli lenye swichi. Kichumba hakiondoki mpaka ulimi wa kufuli uwe umeingia walau milimita 7, na mlango wa ghorofa haufunguki kama kichumba hakipo nyuma yake. Kufuli hizo, waya zake na bodi inayozisoma zimo kwenye zile milioni 52. Kipimo hiki mtu yeyote anaweza kukifanya: peleka kichumba chini, panda juu, vuta mlango. Ukifunguka, kizime leo hii, na asipande mtu.

Kuhusu umeme, maana najua ndilo swali linalofuata. Lifti nyingi za nyumbani zinatumia fezi moja, ile ile uliyonayo. Umeme ukikatika, winchi inashika breki na mama anabaki hewani hadi urudi. Lifti iliyofungwa vizuri ina betri ya kumfikisha kwenye ghorofa na kufungua mlango. Kama muuzaji ameiorodhesha betri hiyo kama kitu cha hiari, wewe ifanye lazima.

Sasa aina na bei. Haya ni makadirio ya vituo viwili, pamoja na kufunga, bila kazi ya ujenzi. Dola na usafiri vinayapandisha na kuyashusha.

Kiti cha ngazi, kinachotembea kwenye reli iliyofungwa kwenye ngazi: milioni 10 hadi 18 kwa ngazi iliyonyooka, zaidi ya mara mbili kwa ngazi inayokata kona. Kinamfaa anayeweza kukaa na kuinuka mwenyewe. Mwenye kiti cha magurudumu hakimfai, labda awe na kiti kingine juu na mtu wa kumhamisha.

Jukwaa la skrubu, ambapo mota inazunguka kwenye skrubu ndefu: milioni 70 hadi 130. Linaenda taratibu, si zaidi ya sentimita 15 kwa sekunde, kwa hiyo ghorofa moja ni kama sekunde 20 na kitu. Shimo lake ni la sentimita chache tu, na linakuja na tundu lake tayari. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, hili ndilo ninalolipendekeza mara nyingi.

Lifti ya haidroli, inayosukumwa na mafuta: milioni 50 hadi 90. Inabeba vizuri na hushuka kwa uzito wake kupitia vali, hivyo umeme ukikatika kumshusha mtu ni rahisi. Inahitaji nafasi ya pampu, na mafuta yanahitaji kuangaliwa.

Lifti ya kamba yenye uzito wa kusawazisha: milioni 50 hadi 100. Ni laini, haili umeme mwingi, na vipuri na mafundi wake ndio wengi. Ile ya kawaida inataka shimo la mita 1.2 hadi 1.5 na nafasi ya mita 3.5 hadi 4 juu ya sakafu ya mwisho. Nyumba mpya inayaweza hayo. Nyumba iliyokwisha kuezekwa, aghalabu haiyawezi.

Lifti ya hewa, ile bomba la kioo cha plastiki: milioni 80 hadi 140. Haina shimo, inafungwa haraka na inapendeza macho. Zile nyembamba haziingizi kiti cha magurudumu, kwa hiyo pima kipenyo kabla hujapenda picha.

Ongeza VAT kama haimo kwenye bei, ongeza tundu la zege au fremu ya chuma, na ongeza mkataba wa matengenezo wa kila mwaka. Muuzaji muulize mambo manne kabla hujalipa: cheti cha kanuni iliyofuatwa, vipuri viko wapi, nani anakuja usiku mtu akikwama, na majaribio ya makucha yatafanyika lini mbele yako. Anayesitasita kwenye hilo la mwisho, muache.

Kama bado uko kwenye ramani, mwambie mchoraji apange stoo mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, za mita 1.6 kwa 1.6, na slebu iachwe na nafasi iliyozungushiwa nondo ili baadaye ikatwe bila kuharibu boriti. Kwa sasa hilo litakugharimu kidogo sana, na miaka kumi ijayo litakuokoa mamilioni.

Na kama fedha ya lifti haipo, haipo, na si aibu. Mjengee mama chumba chini, chenye choo chake ndani, mlango mpana na sakafu isiyoteleza. Milioni 8 zinaanza kazi hiyo vizuri. Usizitumie kumning'iniza.