Mbu Mzee Ndiye wa Kuogopwa

Mbu aliyetoka dimbwini jioni ya leo hana malaria. Hata akikuuma usiku huu huu, atakuachia muwasho tu. Mbu hazaliwi na vimelea vya malaria. Huvipata anapofyonza damu ya mtu aliyekwisha kuambukizwa. Na akishavipata hawezi kuvitoa papo hapo. Vimelea hukua kwanza ndani ya tumbo lake, vikapenya ukuta wa tumbo, vikasafiri hadi kwenye tezi za mate. Katika joto la nyuzi 26 za Selsiasi, safari hiyo huchukua siku kama 11. Siku zote hizo mbu anauma bila kuambukiza mtu.

Swali linalofuata ni la hesabu: katika mbu 1,000 waliofyonza damu yenye vimelea leo, ni wangapi watakuwa hai baada ya siku 11? Huwauliza wanafunzi wangu wa takwimu swali hili katika kipindi cha kwanza, na wengi hukisia nusu.

Maisha ya mbu ni mafupi na maadui zake ni wengi: mjusi, buibui, ukame, upepo, kofi la mtu. Tuseme mambo ni mazuri kwake, na katika kila mbu 100 walio hai leo, 90 wataiona kesho. Kesho kutwa watabaki 90 kwa mia ya hao 90, yaani 81. Ukiendelea kuzidisha 0.9 kwa yenyewe mara 11 unapata 0.31. Kwa hiyo katika mbu wetu 1,000, wanaofika siku ya hatari ni kama 314.

Sasa tia dawa ukutani, au tundika chandarua chenye dawa, kiasi kwamba badala ya 90 wanaovuka salama kila siku wavuke 80. Wanaofika siku ya 11 ni 86 tu. Wakivuka 70, wanafika 20. Na anayefika siku ya 11 hafi hapo hapo. Ana siku kadhaa mbele yake za kuuma na kuambukiza. Kwa wale wa 90 kwa mia, siku zilizobaki ni wastani wa 9.5, kwa wale wa 70 kwa mia ni 2.8. Zidisha idadi kwa siku. Kundi la kwanza litatupa karibu siku 2,980 za mbu wenye kuambukiza malaria, la mwisho 55. Hatari imepungua mara 54, ingawa kwa siku moja moja tumeongeza mbu 20 tu katika mia kwenye hesabu ya wanaokufa.

Linganisha na kufukia madimbwi. Ukifaulu kupunguza mazalia kwa nusu, mbu hupungua nusu, na hatari hupungua nusu. Ni kazi njema, na mijini inafaa sana. Lakini idadi ya mbu huingia katika hesabu mara moja tu, ilhali uhai wao wa kila siku huingia mara 11. Hapo ndipo mkono wa binadamu unapopata nguvu kuliko ukubwa wake.

Hesabu hii ina historia ndefu. Agosti 20, 1897, mjini Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wengi humkumbuka kwa hadubini yake. Mimi namheshimu zaidi kwa alichofanya baadaye. Ross alikuwa amejifunza hisabati mwenyewe, kwa mapenzi. Alipodai kwamba malaria inaweza kukomeshwa kwa kupunguza mbu, wakubwa wa tiba walimpinga: mbu hawamalizwi, walisema, na wakibaki wachache ugonjwa utaendelea. Jaribio la Mian Mir, karibu na Lahore, lilionekana kuwapa ushindi, maana mazalia yalishughulikiwa na malaria ikabaki. Ross alijibu kwa milinganyo. Alionyesha kwamba si lazima mbu waishe. Kuna kiwango cha mbu kwa kila mtu ambacho, ukishuka chini yake, kila mgonjwa anazaa wagonjwa wapya pungufu ya mmoja, na ugonjwa unazimika wenyewe kama moto uliokosa kuni.

Ross alitazama idadi. Miaka ya 1950, George Macdonald wa London ndiye aliyeichukua milinganyo ile, akaona kwamba kilicho na nguvu ndani yake ni umri. Dawa kama DDT zilikuwa zimeingia, na Macdonald alieleza kwa nini zinafaa: mbu akishashiba damu hutua ukutani kupumzika, na ukuta wenye dawa unamfupishia maisha kabla vimelea havijakomaa.

Lakini ataujuaje mtu umri wa mbu? Mbu hana cheti cha kuzaliwa. Jibu lilipatikana ndani ya ovari zake. Mbu jike hufyonza damu ili apate mayai. Akishataga mara ya kwanza, vijimirija vya hewa vilivyojikunja ndani ya ovari hunyooka, na havirudi tena katika hali ya usichana. Mtaalamu anaweka mbu kwenye tone la maji juu ya kioo, anavuta ncha ya tumbo kwa sindano mbili nyembamba, anaacha ovari zikauke, kisha anatazama kwa hadubini: huyu ameshataga, huyu bado. Watafiti wa Kisovieti walikwenda mbali zaidi, wakaonyesha kwamba kila uzazi unaacha kifundo chake, na vifundo hivyo vinahesabika. Mbinu hiyo ilitumika nyumbani kwetu. Mick Gillies na T. J. Wilkes, waliofanya kazi na taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, walipasua mbu wa upande wa Muheza kwa wingi, na mwaka 1965 wakachapisha picha ya umri wa mbu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania ambayo hadi leo wanahisabati wanairudia.

Kutoka ovari hadi uhai wa kila siku ni hatua moja, aliyoionyesha George Davidson mwaka 1954. Tuseme mbu hutaga kila baada ya siku tatu, na kati ya mbu 100 waliopasuliwa 73 wameshataga. Basi 0.73 ni uwezekano wa kuishi siku tatu mfululizo. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu inakupa 0.73, ni 0.9. Hesabu imekamilika, na haikuhitaji kumfuata mbu yeyote porini.

Ila hapa takwimu inatia breki. Mbu 100 ni sampuli tu. Leo umepata 73. Kesho, kijiji kile kile, ungeweza kupata 68 au 79 kwa bahati ya mtego. Kwa sampuli ya ukubwa huo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 64 na 82. Tofauti hiyo inaonekana ya kuvumilika mpaka uipeleke hadi siku ya 11. Wanaofika siku ya hatari huwa popote kati ya 20 na 48 kwa kila mbu 100. Kule kuzidisha mara 11 kulikotupa nguvu juu ya mbu kunayapa nguvu makosa yetu pia. Pasua mbu 1,000 na mwanya unajibana: kati ya 27 na 36. Ndiyo maana sichoki kuwatetea wale vijana wanaokesha wakiwa wamekunja suruali, tochi mkononi na mrija wa kunyonyea mbu mdomoni, halafu mchana kutwa wakainamia hadubini. Mlinganyo, hata uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kufidia mbu ambao hawakupasuliwa.

Kuna mtego mwingine ambao sampuli kubwa haiuondoi. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache mbu wachanga hufurika. Ukipasua wakati huo utakuta walioshataga ni wachache, nawe utadhani mbu wanakufa upesi, kumbe ni kizazi kipya kimeingia. Mbinu ya Davidson inadhani idadi imetulia. Vilevile inadhani mbu mzee na kijana wana uwezekano sawa wa kufa. Data za Gillies na Wilkes zilipochambuliwa upya baadaye, zilionyesha kwamba vifo huongezeka mbu anapozeeka. Hilo linapunguza idadi ya wazee tuliyoikadiria, lakini haligeuzi mwelekeo wa hoja.

Mlinganyo huo huo unaeleza jambo ambalo watu wa Tanga wamelijua tangu zamani, kwamba homa ni ya bondeni. Kanuni inayotumika sana kukadiria siku za kukomaa kwa vimelea ni kugawa 111 kwa nyuzi joto zilizozidi 16. Kwa nyuzi 26 unapata siku 11. Kwa nyuzi 20 unapata karibu 28. Mbu wa milimani, hata angekuwa na uhai ule ule wa 90 kwa mia, ni kama watano tu kati ya 100 wangesubiri siku hizo zote. Utafiti uliofanywa kwenye miteremko ya Usambara ulikuta maambukizi ya nyanda za juu yako chini ya yale ya bondeni kwa zaidi ya mara 1,000. Baridi haiui vimelea moja kwa moja; inavichelewesha hadi mbebaji anakufa navyo.

Mafanikio ya kupuliza dawa ukutani hayakuwa ya moja kwa moja. Mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulipuliza dawa majumbani kuanzia mwaka 1955. Malaria ilipungua sana, lakini haikukatika. Macdonald alimchora mbu anayeuma ndani na kupumzika ukutani. Wapo wanaofanya hivyo, na wapo wanaouma ng'ombe, wanaopumzika vichakani, wasiougusa ukuta kabisa. Mlinganyo ulikuwa sahihi kwa mbu uliowajua.

Chandarua chenye dawa kinafanya kazi mbili kwa pamoja. Kinamzuia mbu asimfikie mtu, na kinamuua anapojaribu. Faida ya pili inamfikia hata asiyekuwa nacho. Asembo, magharibi mwa Kenya, watafiti walikuta kwamba watoto wa nyumba zisizo na vyandarua, zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua, walikingika karibu sawa na wenye navyo. Mbu waliokufa kwa jirani hawakufikisha siku 11.

Ukweli huo mtamu kwa mama wa jirani ni mgumu kwa mtafiti. Ukitaka kulinganisha vyandarua viwili, huwezi kugawa nyumba hii aina hii na nyumba ya pili aina ile, kwa kuwa mbu na faida vinaruka ua. Inabidi kupigia kura maeneo mazima. Wilayani Misungwi, Mwanza, ndivyo ilivyofanyika: maeneo 84 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne, kila kundi na aina yake ya chandarua, kwa sababu mbu walikuwa wameizoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Baada ya miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto 45.8 kwa mia walikuwa na vimelea pale palipokuwa na vyandarua vya kawaida, na 25.6 kwa mia pale palipokuwa na vyandarua vilivyoongezewa dawa iitwayo klorfenapiri.

Dawa hiyo haimwangushi mbu papo hapo. Inamharibia namna mwili wake unavyozalisha nguvu, na kifo chake huweza kuchukua hadi saa 72. Kwa hiyo kwenye vibanda vya majaribio, mbu waliokusanywa asubuhi huwekwa kwenye vikombe vya karatasi na pamba yenye maji ya sukari, wakahesabiwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anayehesabu asubuhi ya kwanza na kwenda zake ataandika kwamba wengi wamepona, naye atakuwa amehesabu vizuri kabisa mbu ambao hawataiona siku ya nne.